Deni la Picha

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Na wakaongeza kwamba dawa ya deni ni kulipa. Katika miaka yangu ya kushika chaki niliziandika methali hizi mbili ubaoni mara nyingi, nikawaagiza watoto wazitungie insha, nikazisahihisha insha hizo kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kujiuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa na deni. Kumbe nilikuwa nalo, na ushahidi wake ulikuwa umelala ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda changu, kwa miaka 48.

Nitakayoyaeleza hapa yanahusu kamera ya zamani, na jinsi mzee wa miaka 74 alivyojifunza upya kuitumia. Msomaji asidhani nawaandikia mafundi wa kamera. Nawaandikia watu wote waliowahi kupiga picha au kupigwa, yaani karibu kila mtu. Kamera hiyo ilinifikisha kwenye swali ambalo limeninyima usingizi: mtu anayepiga picha anadaiwa nini na yule aliyepigwa?

Mwezi wa Juni mwaka 2023 mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja kutusalimu hapa Kibakwe. Ni majira ya baridi, upepo hushuka kutoka milima ya Rubeho na asubuhi watu huota moto kabla ya kwenda shambani. Tulikuwa tunatafuta karatasi za shamba. Alipofungua sanduku akatoa mfuko wa ngozi uliokauka kama ganda la mbuyu, na ndani yake ilikuwamo kamera yangu. Akaielekeza kwa bibi yake aliyekuwa akipepeta mahindi uani, akabonyeza, kisha akaigeuza atazame nyuma yake.

"Babu, nimempiga bibi. Mbona haonekani?"

"Hamna mkanda humo," nikamjibu. "Na hata ungekuwamo, ungemwona wiki ijayo."

Akacheka sana. Lakini hakuirudisha kamera sandukuni, na jioni ile alinikuta nimeishika mkononi, naizungusha huku na huku kama mtu aliyekutana na rafiki ambaye jina lake limemtoka.

Kamera hiyo ni Zorki-4. Kaka yangu mkubwa alisoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba mjini Moscow, na aliporudi mwaka 1974 alinipa kama zawadi. Alinieleza kwamba neno Zorki kwa Kirusi maana yake ni mwenye macho makali. Ukoo wa kamera za namna hii ulianzia Ujerumani katika mji wa Wetzlar, ambako fundi Oskar Barnack alibuni kamera ndogo iliyotumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925, na baadaye Wasovyeti wakaiiga. Jambo lililonigusa kama mwalimu ni hili: kamera za mfano huo zilizoitwa FED zilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1934 mjini Kharkiv na vijana waliokuwa yatima na watoto wa mitaani, katika jumuiya iliyolelewa na mwalimu Anton Makarenko. Sisi tuliopita Chuo cha Ualimu Mpwapwa baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967 tungemwelewa mwalimu huyo bila mkalimani. Shule zetu zilikuwa na mashamba. Yake ilikuwa na kiwanda cha kamera.

Tofauti ya kamera hizi na nyingine ni namna ya kulenga. Jicho lako halipiti ndani ya lenzi. Kuna dirisha dogo juu yake, na ukichungulia humo unaona katikati doa dogo la manjano. Ndani ya doa hilo kila kitu kipo mara mbili: mti una mashina mawili, mtu ana pua mbili. Ukiizungusha lenzi polepole, taswira hizo mbili husogeleana. Zikikutana zikawa kitu kimoja, umbali umepatikana, na hapo ndipo unapobonyeza.

Mjukuu wangu alinitafutia mikanda mitano ya picha nyeusi na nyeupe, Ilford HP5, kutoka kwa rafiki yake aliyetoka Uingereza. Kila mkanda ni picha 36. Dawa za kusafishia nazo zikaja katika kifurushi hicho hicho. Kazi ya kusafisha mikanda nilifundishwa ujanani na mwenye studio mmoja, wakati wa likizo, kwa malipo ya kumfagilia chumba. Nilidhani ujuzi wa mikono hausahauliki, kama baiskeli. Nilijidanganya.

Mkanda wa kwanza niliumaliza kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Nilipanga watu kwa mistari, nikawaambia wafupi wakae mbele, nikajiona mwalimu mkuu tena. Usiku nikaingia stoo, nikaziba mwanga wa mlangoni kwa blanketi, nikatumia maji ya mtungi ambayo kwa baridi ya Juni yalikaribia zile nyuzi 20 zinazotakiwa. Mkanda ukatoka mtupu, unaangaza kama kioo cha dirisha. Nilikuwa nimesahau kuvua kifuniko cha lenzi! Kwa simu, giza lingeonekana mara moja. Kwa kamera hii dirisha langu lilikuwa wazi na lenzi imefumbwa. Nilikuwa naona watu vizuri kabisa, wanacheka, wananing'oa macho kwa rangi za vitenge vyao, ilhali kamera haikuona kitu. Ilinibidi niende nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Njiani nilijiuliza ni vikao vingapi vya walimu nilivyoviongoza kwa namna hiyo, dirisha wazi na lenzi imefumbwa.

Mkanda wa pili ulinifunza utaratibu. Katika Zorki unavuta mkanda kwanza, ndipo unapogeuza gurudumu la mwendo wa pazia. Ukitanguliza la pili unaweza kuharibu mitambo. Haina kipimo cha mwanga, kwa hiyo nilirudia kanuni ya zamani: jua likiwaka sawasawa, tundu la lenzi liwe 16, na mwendo wa pazia ukaribiane na namba ya mkanda, yaani sehemu ya 500 ya sekunde kwa mkanda wa 400. Lakini kanuni hiyo hupima jua, haipimi uso. Mtu aliyevaa kofia saa saba mchana, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, hutoka ukuta mweupe na kofia, na chini ya kofia shimo jeusi. Kumpata mtu huyo ni lazima umsogeze kivulini, ulifungue tundu zaidi, au umwombe akusubiri hadi saa kumi na moja jioni.

Mkanda wa tatu ndio ulionifundisha zaidi. Nilimpiga mke wangu kwa karibu, akiwa ameketi mlangoni. Katika dirisha alikuwa kamili, kilemba na vyote. Kwenye mkanda kilemba kilikatwa na nusu ya paji la uso ikaenda nacho. Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha na lenzi havikai mahali pamoja. Dirisha liko juu kidogo na pembeni. Ukitazama mlima, tofauti hiyo si kitu. Ukimtazama mtu aliye umbali wa hatua moja, tofauti inatosha kumkata kichwa. Kadiri unavyokaribia ndivyo unavyopaswa kukumbuka kwamba unachokiona wewe sicho hasa kinachochukuliwa. Mke wangu aliitazama picha ile akasema, "Miaka 50 ya ndoa, na bado hujui kichwa changu kinaishia wapi." Alisema kwa utani, nami nikacheka, lakini sikuyasahau maneno hayo.

Habari kwamba Mwalimu amerudia kupiga picha zilienea upesi. Mwezi wa Agosti, jioni moja, alikuja mtu niliyemfundisha zamani, sasa naye ni babu. Alikuwa darasa la tatu mwaka 1975, katika kijiji nilichopangiwa upande wa tambarare za Mpwapwa, huko kunakokauka mapema. Alivua kofia, akanipa shikamoo kama alivyokuwa akinipa akiwa na miaka kumi, akakaa, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Alipoinuka kuondoka ndipo aliposema lililomleta.

"Mwalimu, mama yangu alikuwa akisema picha yake iko kwako."

Sikujibu mara moja. Nilimkumbuka mama huyo kabla hajamaliza sentensi.

Inanibidi nieleze. Mkoa wetu ulitangulia katika habari za vijiji vya ujamaa. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971. Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na miaka miwili iliyofuata watu wengi nchini walihamishwa. Sikusudii kuihukumu historia hiyo kwa kurasa mbili. Niliyaona mema yake: watoto waliokuwa hawapati shule walikuja darasani kwangu, na palikuwa na zahanati pasipokuwa nayo. Niliyaona pia mengine: matembe yaliyobomolewa kabla nyumba mpya hazijainuka, na watu waliolala kwenye vibanda vya matawi huku wakilitazama wingu la mvua kwa hofu badala ya furaha.

Mwaka 1975 wageni wa ofisi fulani walikuja kukagua kijiji chetu. Walisikia kwamba mwalimu kijana ana kamera, wakanitaka nipige picha za maendeleo. Kando ya barabara ilikuwapo nyumba moja ya mfano, ya bati, iliyojengwa ili ionekane. Wakamwita mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo. Wakampa jembe jipya, wakamsimamisha mlangoni pa nyumba hiyo, wakamwambia acheke. Hakucheka. Wakaniambia mimi, kwa kuwa ni mwalimu na watu wananiheshimu, nimwambie. Nami nikamwambia, "Mama, cheka kidogo, ni picha tu." Akacheka. Taswira mbili zikakutana katika doa la manjano, nikabonyeza.

Kibanda chake cha matawi kilikuwa hatua chache upande wa kushoto. Nilikiona dirishani. Nilisogea kulia kidogo ili kitoke.

Alipoirudisha ndoo kichwani aliniuliza, "Mwanangu, picha yangu nitaiona lini?" Nikamjibu, "Itakuja, mama." Ofisi ile ilichukua picha iliyosafishwa, nikasikia ilibandikwa ukutani mahali fulani. Negativu ilibaki kwangu. Kutengeneza nakala nyingine kulikuwa na gharama ndogo ya kupeleka negativu mjini, na mshahara wangu ungeweza. Sikupeleka. Kila tulipokutana kisimani au mnadani aliniamkia, "Mbukwa, mwalimu," kisha akauliza habari ya picha yake, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari ya ndugu aliye safarini. Nikawa najibu, "Bado, mama." Mwishowe nikawa nabadilisha njia. Nilihamishwa shule. Alifariki kabla ya mwaka 1985, nami sikwenda hata kuhani.

Nilimuuliza mwanawe kwa nini hakuja kuidai miaka yote hiyo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, nilikuwa mwanafunzi wako. Mwanafunzi anamdai mwalimu?"

Basi ndugu msomaji, ndipo nilipoona kwamba kamera haikuwa kitu pekee nilichopaswa kujifunza upya.

Negativu tuliipata ndani ya bahasha, imeshikana na nyingine na ina mikwaruzo. Mjukuu wangu aliiweka mbele ya mwanga mweupe, akaipiga kwa simu yake, akageuza giza kuwa nuru, akaitengeneza Dodoma mjini kwa ukubwa wa daftari. Namshukuru, na naishukuru simu yake. Niliipanda bodaboda nikaenda mwenyewe hadi kwa yule bwana, kwa sababu deni halilipwi kwa kutuma mtoto.

Alifuta mikono kwa shati, akaipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake, kisha watoto, kisha wajukuu. Wengi wao hawakuwahi kumwona bibi huyo. Hakuna picha nyingine yake duniani.

"Ni mama," akasema. Kisha akasema, "Lakini mama hakuwa akicheka hivi." Kisha, baada ya kimya kingine, "Na hii nyumba ni ya nani?"

Ningeweza kusema nimesahau. Uzee hutusamehe mengi, na hakuna ambaye angenihukumu. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: jembe si lake, nyumba si yake, cheko niliagiza mimi, na kibanda chao nilikikwepa. Wajukuu walinyamaza. Yeye akanipa kalamu, akaigeuza picha, akasema, "Andika nyuma, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua." Nikaandika kwa mwandiko ule ule niliomfundishia: tarehe sikuikumbuka, mwaka niliukumbuka; nyumba si yake; aliambiwa acheke; picha imechelewa miaka 48. Nikatia sahihi. Katika maisha yangu nimetia sahihi vyeti vingi, na sijui kama kipo kingine kilichokuwa cha kweli kama hicho.

Sasa nirudi kwenye swali. Picha ni mali ya nani? Mpigaji atasema: kamera yangu, mkanda wangu, ujuzi wangu. Aliyeagiza atasema: kazi nililipia mimi. Aliyepigwa ana hoja moja tu: uso ni wangu. Ajabu ni kwamba yeye ndiye asiyeulizwa. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hilo ni jema. Lakini sheria huzuia ubaya. Haimfanyi mtu alipe deni la mama aliyekwisha kuzikwa.

Lugha yetu inasema kupiga picha, na kuna wanaotaka kuona ukali katika neno hilo. Mimi kama mwalimu wa Kiswahili sitalikuza jambo. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Hata hivyo kauli ya kutendwa inasema ukweli wake: yupo anayepiga na yupo anayepigwa, na hawana nguvu sawa. Mwalimu mwenye kamera mbele ya mama mwenye ndoo hawana nguvu sawa. Neno langu, "cheka kidogo", lilikuwa la upole, ndiyo maana lilifanya kazi ambayo amri ya wageni haikuweza.

Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba zamani picha ilikuwa na heshima kwa sababu mikanda ilikuwa michache, na kwamba vijana wa simu wameharibu kila kitu kwa kupiga maelfu bila kufikiri. Nilitaka niandike hivyo nami. Siwezi. Kamera iliyomdanganya mama yule ni hii hii ya polepole, yenye doa la manjano na picha 36 tu. Ni kweli niliihesabu mikanda, watu sikuwahesabu. Chombo kinachokwenda taratibu humpa mtu nafasi ya kufikiri, lakini hakimlazimishi afikiri. Nilikuwa na dakika nzima ya kulenga, nami niliitumia kusogea kulia. Macho hayana pazia, husema wahenga. Kamera inalo, na mkono unaolifungua ni wa mtu.

Mjukuu wangu alinipinga, na hoja yake ni nzito. Alisema, "Babu, kama kila mpiga picha angengoja ruhusa na kurudisha nakala, maovu mengi yasingejulikana." Akanitajia Mohamed Amin. Ninazijua habari zake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaishi Dar es Salaam utotoni, na huko Dar es Salaam mwaka 1963 akaanzisha Camerapix. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk, akachukua filamu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. BBC ilipoionyesha tarehe 23 mwezi huo, dunia ilishtuka, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid mjini London na Philadelphia kuchangisha fedha. Amin mwenyewe alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Je, angeomba ruhusa kwa mtoto anayekata roho? Angempelekea nani nakala?

Nililifikiria jambo hili siku nyingi, nikitembea jioni kwenye njia ya mashamba ya vitunguu. Naona jibu liko hapa. Watu wa Korem walidaiwa kuonyeshwa kama walivyokuwa, ili wanaowatazama wajue kuna nini. Hilo walilipwa, ingawa wengi wao hawakuishi kulishuhudia. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumuuliza mama yule, nikamwagiza badala ya kumuuliza. Nilikuwa na nafasi ya kumwonyesha alivyo, nikamficha. Nilikuwa na nafasi ya kumrudishia, nikabadilisha njia. Asiyeweza kuombwa ruhusa anadaiwa ukweli. Anayeweza kuombwa anadaiwa ruhusa na ukweli. Na yule uliyemwambia "itakuja" anadaiwa picha yake, hata kama hakuna anayekudai.

Kuna mtu atauliza: deni linalolipwa kwa mwana baada ya mama kufa, limelipwa? Sidhani. Mama yule alitaka kujiona. Katika maisha yake pengine hakujiona ila katika maji ya kisima. Furaha hiyo, ambayo ingenigharimu shilingi chache, haiwezi kurudishwa na mtu yeyote sasa. Nilichofanya ni kuacha kuongeza deni juu ya deni. Nawaambia hivi wale ambao bado wana negativu zao, au picha zao za simu, na wenyewe bado wako hai: msingoje.

Siku ile, kabla ya kuondoka, nilimwomba yule bwana nimpige picha. Alifikiri kidogo.

"Nipige nikiwa nimekaa kwangu," akasema. "Na usiniambie nicheke."

Nikamsubiri achague mahali. Alichagua kigoda chini ya mkungugu, ukuta wa nyumba yake nyuma yake, wenye ufa mmoja mrefu. Nilikumbuka kuvua kifuniko. Nilikumbuka kuvuta mkanda kwanza. Nilisogea nyuma hatua moja na kuinua kamera kidogo, nisimkate kichwa. Ufa ulikuwamo dirishani, nikauacha. Jicho langu la kulia lilitolewa mtoto wa jicho mwaka 2019, na mikono hutetemeka kidogo, kwa hiyo nilichelewa. Taswira mbili zilicheza, zikapishana, zikarudi. Yeye hakuhangaika, alinitazama tu, kama mtu anayejua ni nani anayemtazama.

Zilipokutana, nilimuuliza, "Tayari?"

"Tayari, Mwalimu."

Wiki mbili baadaye nilimpelekea nakala mbili. Hakucheka katika picha hiyo. Mkewe aliitundika ukutani, kando ya ile ya mama mkwe wake, na akanieleza kwamba ile ya zamani huigeuza mara moja moja, ili wajukuu wasome maandishi ya nyuma.